Darasa Moja na Mwanangu

"Mwanangu!"

Neno limeshamtoka Bi Mwanapili, na ukumbi mzima umelisikia.

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, nikuweke sawa upesi, maana mambo yenyewe hayangoji. Nusaiba, binti mchangamfu wa mwaka wa tatu wa Shahada ya Sayansi na Ualimu, alikuwa amesimama mbele ya darasa pale Chuo cha Mkungumani, akiwasilisha kazi ya kikundi chake. Katikati ya sentensi akashika meza. Akashika kifua. Akaanguka. Wa kwanza kumfikia hakuwa Rahila, rafiki yake anayelala naye chumba kimoja hosteli, wala Dkt. Ridha, mhadhiri wao. Alikuwa Bi Mwanapili, mama mtu mzima wa safu ya mbele, mkubwa kuliko wanafunzi wote, ambaye vijana humwita kwa siri "Bibi Kiti cha Mbele".

Aliruka meza. Na buibui lake, mama wa watu, aliruka meza.

"Nusaiba! Nusaiba mwanangu, fungua macho!"

Rahila alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Akamkodolea macho.

"Bi Mwanapili, mbona wamwita hivyo?"

"Ntamwita vipi? Nimemzaa mie!"

Ikasikika feni ya ukumbini.

"Leteni maji," Bi Mwanapili akasema. "Mlegezeeni ushungi. Ashraf, we' mrefu, mbebe, lakini usimkunje magoti, yanamuuma."

"Wewe umejuaje kama yanamuuma?" Rahila akauliza.

"Rahila, maji!"

Ashraf, kiongozi wa darasa, akambeba. Dkt. Ridha alikuwa ameshakimbilia gari lake. Wakateremka kile kilima cha Mkungumani kwa kasi ambayo mzee yule hakuwahi kuendesha maishani mwake, karafuu zilizoanikwa kando ya barabara zikipondwa na magurudumu, wenyewe wakipiga kelele nyuma.

Kichwa cha Nusaiba kilikuwa mapajani kwa mamake. Mbele, Rahila aligeuka, macho mekundu.

"Tangu mwaka wa kwanza," akasema. "Tunakula sahani moja. Nguo zangu anavaa, zake navaa. Nikamuuliza mamako yuko wapi, akanambia yuko Vitongoji. Kumbe mamake yuko meza ya pili, anakula wali maharage peke yake!"

"Hakutaka niseme."

"Kwa nini?"

Bi Mwanapili akampangusa Nusaiba jasho. Jibu alikuwa nalo, lakini lilimuuma kulitoa.

Siku ya kwanza kabisa ya chuo, walisimama wawili pale Madungu wakingoja usafiri, mama na binti, kila mmoja na mkoba mpya. Bi Mwanapili alikuwa na furaha ya mtoto mdogo. Yeye mwalimu wa skuli ya maandalizi, mjane, aliyesoma kwa kudokoadokoa, leo anaingia chuo kikuu cha serikali, tena na mwanawe! Ndipo Nusaiba akamwambia, macho yakiwa barabarani:

"Mama, tukifika kule, mie na weye hatujuani."

"Hatujuani vipi?"

"Hatujuani tu. Nakuomba."

Akaona mwenyewe maana yake. Nani anataka kusoma darasa moja na mamake? Nani anataka rafiki zake wamwone mamake akihangaika na kompyuta, akipiga herufi kwa kidole kimoja? Akasema, haya. Na tangu siku hiyo akakaa safu ya mbele ili asipate kishawishi cha kumtazama mwanawe aliye safu ya nyuma. Alimsikia tu. Alijua kikohozi chake, hatua zake, kicheko chake.

Kicheko hicho alikisikia siku moja alipoitwa kusoma kwa sauti, akatamka jina la Kiingereza la sehemu ya jani kwa lafudhi ya Vitongoji. Darasa likaangua kicheko. Na ndani ya vicheko vyote akakitambua kimoja.

Alikwenda nyumbani, akapika, akalala.

"Ni maradhi gani, Bi Mwanapili?" Dkt. Ridha aliuliza, macho barabarani.

"Selimundu."

Gari likayumba kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Dkt. Ridha akaushika usukani kwa mikono miwili. "Nami nikasimama mbele yenu wawili nikafundisha ule mraba," akasema.

Aliukumbuka, na Bi Mwanapili aliukumbuka zaidi. Somo la jenetiki, mwaka wa pili. Mhadhiri alichora mraba ubaoni, akaugawa, akaeleza kwamba mtoto hapati selimundu kwa mzazi mmoja. Sehemu hutoka kwa baba, sehemu hutoka kwa mama, nao wazazi wenyewe huenda wakawa wazima maisha yao yote. Kliniki walikuwa wamemwambia Bi Mwanapili kwamba ni maradhi ya damu, mtoto kazaliwa nayo. Hakuna aliyewahi kumwambia yametoka wapi. Akaweka kalamu chini, akatoka, akaenda kulia chooni. Mwanawe anaumwa usiku kucha, mifupa inamlia kama inavunjwa, na kumbe yeye mamake ndiye aliyempa!

Siku ile Nusaiba alivunja ahadi yao mara ya kwanza na ya mwisho. Alimfuata chooni, akasimama nje ya mlango.

"Bi Mwanapili," akasema kwa sauti ya chini, "yale maswali ya mraba usiyafanye. Ntakufanyia mie."

Akaondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Hospitali, muuguzi alitoka na kuuliza: "Nani jamaa wa mgonjwa?"

"Mie," akasema Bi Mwanapili.

"Mimi," akasema Rahila wakati uleule.

Wakatazamana. Rahila akarudi nyuma.

Daktari hakuficha. Safari hii maradhi yalikuwa yameingia kifuani. Wamempa hewa, wamempa dawa ya maumivu, watamwongezea damu. "Tumuombee," akasema. Bi Mwanapili alishaisikia kauli hiyo mara nyingi tangu Nusaiba akiwa mdogo, lakini madaktari wa zamani walikuwa wakimtazama usoni wanapoisema. Huyu alitazama sakafu.

Alasiri ikafika. Bi Bimkubwa, dada mkubwa wa Bi Mwanapili, akaja kutoka Vitongoji na chupa ya uji na kanga safi. Rahila hakuondoka. Alikaa chini ukutani, amekumbatia magoti.

Nusaiba akafumbua macho.

Alimwona Rahila kwanza, akatabasamu. Kisha akamwona mamake, ameushika mkono wake, na tabasamu likaondoka.

"Umewaambia?"

"Nimeropoka, mwanangu. Ulipoanguka, ulimi ukaniteleza."

"Wote wamesikia?"

"Wote."

Nusaiba akafumba macho. Chozi likateremka mpaka sikioni, na Bi Mwanapili akalifuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Nisamehe," akasema. "Najua unanionea haya. Mama mzima kama mie, na Kiingereza changu kile. Ntakaa nyumbani ukitaka. Ntahamia hata masomo ya jioni, nisikuharibie."

Nusaiba akafumbua macho tena. Akamtazama mamake kama anayemwona upya.

"Haya? Haya ya nini?"

"Si ulisema hatujuani?"

"Mama." Akavuta pumzi, ikamkwama, akangoja. "Siku zote hizi weye ulikuwa unafikiri nakuonea haya?"

Bi Mwanapili akaitika kwa kichwa.

"Wakumbuka uliponipeleka sekondari?" Nusaiba akasema, maneno yakitoka mojamoja. "Ulikwenda kwa mwalimu mkuu. Ukenda kwa mwalimu wa darasa. Ukenda mpaka kwa mpishi. Nusaiba asikimbie. Nusaiba asilowe mvua. Nusaiba asibebe ndoo. Mpaka namaliza, jina langu likawa Mgonjwa. Hakuna aliyegombana nami. Wenzangu wakitukanana, mie hawanitukani. Wananiachia njia kama maiti anapita."

"Astaghfirullah, usiseme hivyo!" Bi Bimkubwa akamkatiza.

"Niacheni niseme, mama mkubwa. Nilitaka pahala pamoja tu watu wanitukane. Nibebe ndoo yangu. Nicheleweshe kazi nigombezwe. Na weye, Mama, huwezi kuficha. Ungekuwa mamangu kuno chuoni, kila nikikohoa ungeinuka."

"Ningeinuka," Bi Mwanapili akakiri.

"Basi ndiyo maana."

Pumzi ikamkata tena. Bi Mwanapili alitaka amwambie apumzike, lakini alijua sasa kwamba neno hilo limemchosha mwanawe maisha yake yote. Akalimeza.

"Na siku ile nilipocheka," Nusaiba akaendelea, "ile ya jani. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilicheka kwa sababu na mie nilikuwa natamka vilevile. Weye ndo ulinifunza nikiwa mdogo. Mpaka Rahila akanisahihisha mwaka wa kwanza, mbele za watu."

Chini pale ukutani, Rahila akatoa sauti ambayo haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema. "Mnafiki. Kila ukiumwa usiku unanambia ni tumbo la mwezi. Nakuchemshia maji kumbe unanidanganya. Nikuambie nini? Mbaya wewe. Mbaya kabisa."

Nusaiba akageuza uso kwake, na tabasamu lake likarudi lote.

"Umesikia, Mama? Ananitukana."

Bi Mwanapili akainama, akauweka uso wake kwenye kiganja cha mwanawe. Alikuwa amebeba ule uchungu tangu Madungu, akalala nao, akaamka nao, akaukalia safu ya mbele. Haukuwa wake. Na siku zote zile wangeweza kukaa wakaongea.

Asubuhi iliyofuata Nusaiba akanywa uji. Homa ikashuka. Akaomba kitana. Bi Bimkubwa akapiga simu Vitongoji kuwaambia Alhamdulillahi. Daktari yule akaja, na safari hii akatazama watu usoni. Rahila akaimba kidogo mpaka akakatazwa na muuguzi.

Dkt. Ridha alipita kuwajulia hali. Mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa inaanza kesho yake, na alitaka kuwatoa wasiwasi.

"Mnaweza kuahirisha nyote wawili," akasema. "Sababu ipo wazi. Mtafanya pamoja na watakaorudia."

"Mie naahirisha," Nusaiba akasema. "Mie mgonjwa. Yeye anaumwa nini?"

"Nusaiba!" mamake akamwambia. "Mie siendi pahala."

"Utakwenda."

"Siendi. Nikuache hapa nikaandike Saikolojia ya Elimu? Itaniingia kichwani?"

"Dokta," Nusaiba akamgeukia mhadhiri, "mamangu aliacha skuli kidato cha pili. Kwa nini? Ana mimba yangu. Akaja kupata chuo cha ualimu, akafika katikati, akaacha. Kwa nini? Nimelazwa. Akaanza tena masomo ya jioni, akaacha. Nimelazwa tena. Mpaka akajisomea nyumbani usiku, ndipo akafaulu kuja hapa. Kila skuli aliyoiacha, kaiacha kwa sababu yangu."

"Hakuna aliyekulaumu," Bi Mwanapili akasema.

"Najua. Ndiyo inayoniuma. Hata siku moja hukunilaumu." Akaushika mkono wa mamake kwa nguvu iliyowashangaza wote. "Hino usiiache. Nakuomba, Mama. Mara ya kwanza nilikuomba tusijuane, ukanikubalia wala hukuniuliza. Nikubalie na hili."

Bi Mwanapili akatazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Akamtazama dada yake. Bi Bimkubwa hakuwahi kuyapenda masomo haya ya uzeeni, na kila mtu Vitongoji alijua hivyo.

"Nenda, mdogo wangu," Bi Bimkubwa akasema. "Mie nipo. Mgonjwa akifurahi, hupona."

Naye akakubali. Msomaji, usimlaumu. Ungekuwa wewe, umetazamwa na uso ule, ungekubali.

Alilala Vitongoji usiku ule kwa kulazimishwa, akaoga, akavaa. Alfajiri alipita hospitali kwanza. Nusaiba alikuwa amelala, pumzi inapanda na kushuka chini ya ile barakoa ya hewa. Hakumwamsha. Alimrekebishia shuka, akamsomea Fatiha, akatoka.

Chuoni, njia ya kuelekea chumba cha mtihani ilikuwa imejaa vijana. Walipomwona wakageuka. Wale waliozoea kumwita Bibi Kiti cha Mbele wakainamisha vichwa. Ashraf akamfungulia mlango.

"Anaendeleaje, Bi Mwanapili?"

"Hajambo. Jana kaomba kitana."

Habari hiyo ikakimbia mdomo kwa mdomo mpaka mwisho wa foleni, na watu wakashukuru kwa sauti. Kitana! Mtu wa kufa haombi kitana.

Wakakaa. Kila meza na namba yake. Moja, karibu na ukuta, ilibaki bila mtu. Rahila alikaa mbele ya meza ile, na kila mara mkono wake ulienda nyuma kuigusa.

Bi Mwanapili akafungua karatasi. Alidhani herufi zitamkimbia, lakini hazikukimbia. Swali la kwanza lilihusu mtoto anayejitenga na wenzake darasani. Mwalimu afanye nini? Akacheka peke yake moyoni. Laiti wangeuliza swali hili kabla ya juzi! Sasa alikuwa na majibu. Akaandika kwamba mwalimu asidhani anajua sababu. Aulize. Akaandika kwamba mtoto mgonjwa apewe kazi kama wenzake, agombezwe kama wenzake. Aliandika vizuri siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake, na alijua anaandika vizuri.

Akainua kichwa kunyoosha shingo.

Kupitia dirishani, alimwona mtu anapanda ile njia ya udongo mwekundu kutoka barabarani. Mwanamke. Anakwenda mbio kisha anasimama, anakwenda mbio kisha anasimama. Kanga imemtoka kichwani, wala haiokoti.

Alikuwa Bi Bimkubwa.

Bi Mwanapili akatazama tena ili awe amekosea. Hakuwa amekosea. Bi Bimkubwa, ambaye hajawahi kukikanyaga chuo hiki. Bi Bimkubwa, aliyebaki na mgonjwa. Kama yuko hapa, mgonjwa yuko na nani?

Dkt. Ridha, aliyekuwa akisimamia, naye akamwona. Akatoka nje taratibu, akaurudisha mlango.

Kioo hakipitishi sauti. Bi Mwanapili aliona tu. Aliona dada yake anasema neno moja. Aliona Dkt. Ridha anavua miwani. Aliona Bi Bimkubwa anakaa chini, palepale kwenye udongo, kama mtu aliyekatwa miguu.

Akarudisha macho kwenye karatasi.

Swali la pili. Akalisoma. Akaanza kulijibu.

Mlango ukafunguka. Viatu vya Dkt. Ridha vikaja kati ya meza, polepole, vikasimama mbele yake.

"Bi Mwanapili."

"Muda bado, Dokta."

"Weka kalamu. Tutoke nje kidogo."

"Sijamaliza."

"Bi Mwanapili, tafadhali."

"Kanambia nimalize," akasema, wala hakuinua uso. "Mwenyewe kanambia. Niache nimalize."

Akaandika haraka zaidi. Herufi zikalala, zikapandana, mistari ikavuka pambizo. Hakujua tena anaandika nini. Alijua jambo moja tu: madhali kalamu inakwenda, hajaambiwa kitu. Dkt. Ridha alisimama pale na miwani mkononi, mtu mwenye shahada zote zile, hajui la kufanya. Chumba kizima kiliacha kuandika. Ilisikika kalamu moja.

Karibu na ukuta, kiti kikasukumwa.

Hatua zikaja nyuma yake. Mkono ukaja begani, wa baridi, na Bi Mwanapili akajua ni wa nani kabla hajageuka. Kwa muda wote wa chuo, mwenye mkono huu alimwita kama wanavyomwita wengine.

"Mama," Rahila akasema. "Nipe kalamu, Mama."